Jina la Garthwell Lilivyofika Berea

Mwezi uliopita watu wanaoitwa Garthwell walikutana katika ukumbi mmoja mtaa wa Observatory, hapa Joburg, nami nilikuwepo ingawa siitwi hivyo. Walitoka Uingereza, Kanada, Australia na Durban, na wengi hawakuwa wameonana hata siku moja. Walikumbatiana kwa sababu ya jina tu, wakalinganisha pua zao na kucheka. Mlangoni aliketi mama mmoja wa makamo akigawa vibandiko vya majina. Mtoto wa marehemu mdogo wangu Josué alipofika mbele yake, kijana wa miaka ishirini, mweusi na mrefu, amevaa koti la kuazima, yule mama alimwambia kwa upole kwamba wahudumu wanaingilia mlango wa nyuma. Kijana akajibu kwa Kiingereza chake cha Joburg kwamba yeye ni Garthwell. Mama akashusha kidole kwenye orodha, akafika mahali palipoandikwa Berea, mtaa tunaokaa, kidole kikasimama. Alibandua kibandiko akambandika kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilipewa kilichoandikwa "Mgeni". Sikukasirika, maana katika mji huu nimeshabandikwa mengi mabaya kuliko hilo.

Ukutani walikuwa wametundika ramani ya dunia iliyojaa pini za rangi. Niliitambua kabla sijavaa miwani. Nusu ya pini zile nilizichomeka mimi. Kijana alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili anakielewa chote lakini mdomo wake unakikataa, "Shangazi, hii ndiyo ya yule mzee aliyemwacha baba afie langoni?" Watu wawili waligeuka. Nikamwambia tutaongea njiani. Ni jibu ninalompa tangu ajue kuuliza, na nimelitumia vizuri.

Habari za wazazi wangu, za Uvira huko Kongo na za njia tuliyopita kuja huku nitaziruka. Kila mkimbizi anazo na zinafanana. Nataka mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Josué ishirini na nne, na mkewe Aline alikuwa ndiyo kwanza ameshika mimba. Tulikaa ghorofa ya saba huko Berea, katika fleti ambayo sebule yake ilikatwa kwa mbao na mapazia ikawa vyumba vinne. Lifti ilikufa zamani na shimo lake likawa jalala. Jengo lilikuwa na wenyewe, wanaume fulani waliokuja siku moja wakasema sasa ni lao, na hakuna aliyewauliza hati. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule walimjia fundi cherehani Mrundi aliyelala nyuma ya pazia letu, kwa sababu aliwajibu kwa sauti ya juu ngazini. Walirusha cherehani yake dirishani mchana kweupe. Kisha wakamshika mkono wa kulia, wakauweka kwenye fremu ya mlango na kuufunga mlango juu yake mara tatu. Tulikuwa mezani, bugali na sombe, majani ya muhogo, mbele yetu, tukasikia mifupa. Josué aliinuka, Aline akamvuta shati akaketi tena, na mimi, mkubwa wao, niliendelea kufinyanga tonge langu mpaka likapoa. Baadaye Aline alipiga deki damu ya korido kwa maji tuliyoyateka ya kupikia. Nasema haya ili ieleweke kwamba mwoga niliyeonekana mwezi wa saba hakuzaliwa siku hiyo.

Kazi yangu ilikuwa Observatory, katika nyumba ya mawe mgongoni mwa kilima, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Uingereza aliyezaliwa hukuhuku. Jina lake Bwana Garthwell. Mimi nilimwita Mzee, naye akalipenda. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, macho yake yameingia ukungu kiasi kwamba aliona mwanga na vivuli tu. Nilimpikia, nilimfulia, na kila asubuhi baada ya chai tuliingia chumba cha ramani. Alikuwa akiandika kitabu cha jina lake: lilitoka wapi, likaenea vipi. Barua zilimjia kutoka kila pembe ya dunia. Mimi nilimsomea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kisha nikachomeka pini. Pini nyekundu zilikuwa za Garthwell waliouawa, nyeusi za Garthwell walioua, nyeupe za waliokufa kitandani mwao. Kulikuwa na Garthwell msimamizi wa shamba la miwa huko Jamaika, ambaye watumwa walimkata kichwa kwa panga alilowagawia yeye. Mwingine alipelekwa Australia na pingu, akafunguliwa, akapewa bunduki na ardhi ya wenyewe, akaifyeka pamoja na wenyewe. Mmoja alifika hapahapa Joburg enzi za dhahabu, akawafyatulia risasi wachimbaji waliogoma, na juma lililofuata akakutwa shimoni kichwa kimepondwa. "Huyu nyeusi au nyekundu, Mzee?" niliuliza. Akafikiri. "Zote mbili," akasema. Kikopo cha pini nyeupe kilibaki karibu kimejaa mwaka mzima.

Mimi nilidhani majina ya Wazungu ni kama mali, yanarithiwa tu na hayana mwanzo. Mzee alinicheka. Garthwell, alisema, lilikuwa shamba, ua wenye kisima, huko kaskazini penye kondoo na mvua isiyoisha. Lakini waliokaa pale hawakuitwa hivyo. Wangeitwaje, na wote walikuwa wa palepale? Jina la mahali hupewa mtu aliyepahama. Nililielewa hilo upesi kuliko yeye. Uvira hakuna aliyewahi kuniita Mkongo. Jina hilo nililipata Berea, nikalipewa kwa kutemewa mate.

Kila Jumamosi ya pili Josué alipanda kilima kuja kumnyoa Mzee. Alikuwa kinyozi, kiti na kioo chake vilikaa chini ya turubai huko Yeoville, karibu na robot, yaani taa za barabarani, na vichwa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, vya wenyeji na vya wageni. Kinyozi wa kwetu hanyoi kimya. Alimpigisha Mzee soga naye Mzee akamjibu, mimi katikati nikitafsiri, mashine ikivuma. Siku moja Mzee, taulo shingoni, alitusimulia mtu wa kwanza wa ukoo aliyeonekana kwenye maandishi. Aliitwa Adam. Aligombana na jirani juu ya maji ya kile kisima, akampiga sepetu ya shingo, jirani akafa na uso kwenye tope. Ndugu wa marehemu wakamkimbiza na mbwa na mauma ya kubebea majani, siku mbili, mpaka akafika kanisa moja la mbali. Sheria ya wakati ule ilisema muuaji akikubaliwa kuingia kanisani haguswi. Adam akagonga mlango, mbwa wako nyuma yake, na mtu akafungua. Kulipokucha karani alimuuliza ametoka wapi, akaandika: Adam wa Garthwell. "Mlango ule usingefunguliwa," Mzee alisema akielekeza kidole mahali alipokisia ramani iko, "ukuta huu wote ungekuwa mtupu."

Josué alizima mashine. "Nani alimufungulia?"

Nikatafsiri. "Haikuandikwa," Mzee akasema.

"Basi ule mwenye kufungua njo mungewekea pini," alisema Josué, akawasha mashine tena.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kwa wiki nzima aliwarudia ndugu zake wa Uingereza maneno hayo kwenye simu, akisema kinyozi wake amekipatia kitabu sura iliyokosekana.

Baridi ilipoingia, maneno yakaanza. Msichana mmoja alikuwa amepotea, na ikasemwa kwamba wageni wamemficha ili wamuuze. Alionekana baadaye kwa bibi yake, salama, akila chipsi, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwenye ngazi nilisikia wanawake, majirani zetu ambao watoto wao niliwahi kuwafunga vitenge mgongoni, wakiambiana kwa Kizulu siku gani fujo ya kuwafukuza wageni itaanza na mtaa gani kwanza. Hawakushusha sauti nilipopita. Jumanne, tukila ndagala, dagaa wa kwetu, nilimwambia Josué asiende kazini kesho yake. Aline alimwambia vilevile, mkono juu ya tumbo, mimba imeshatimiza miezi minane. "Sasa vichwa vya batu vitajinyoa?" Josué aliuliza, akampa Aline kichwa cha ndagala kwa sababu ndicho alichotamani siku zile. Yule bwana alikuwa mwepesi wa kucheka kupita kiasi. Nilimkasirikia siku ile kwa hilo, na bado namkasirikia.

Jumatano, kabla ya saa sita mchana, simu yangu ikaita nikiwa jikoni kwa Mzee. Niliisikia pumzi ya Josué kabla ya sauti, akiniita yaya, ndilo jina la dada mkubwa kwetu. "Yaya, banakuya. Niko napanda kwa Mzee."

Lazima nieleze lango. Lilikuwa la chuma, la kuvutwa na mota, zito, na lilijivuta polepole: ungeweza kuhesabu kumi na tano kabla halijafunguka, na kumi na tano nyingine kabla halijafunga. Kilango cha watembea kwa miguu kilikuwa kimechomelewa kisifunguke tangu wizi wa mwaka uliotangulia. Rimoti ilikaa na mimi, imefungwa kwa uzi shingoni, kwa kuwa Mzee hakuona vitufe. Nilisimama dirisha la jikoni, lango likiwa hatua ishirini mbele yangu. Josué akatokea kwenye kona, kiatu kimoja mguuni, bega moja linaning'inia, damu imeloweka koti lake jeupe la kinyozi mpaka kiunoni. Alijitupa kwenye vyuma. Nyuma yake wakatokea, wanaume na wavulana, na wanawake wawili, wameshika nondo, vibao vya vitanda, mmoja ana kiboko cha ngozi. Walikuwa hawakimbii tena. Walikuwa wanatembea, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Yaya," Josué aliita. "Fungulia. Ni miye."

Mzee alikuwa amefika mlangoni mwa jikoni, anapapasa ukuta. "Ni Josué," alisema. "Fungua, Sifa."

Nilikuwa nimeishika rimoti. Nikaanza kuhesabu kichwani, kumi na tano za kufungua, kumi na tano za kufunga, na wale walikuwa hatua thelathini, na kila nilivyohesabu waliingia. Walituua jikoni wote watatu, kila hesabu. "Wataingia," nikasema. Mzee akasema fungua kwa mara ya pili, kisha akanifuata kwa sauti yangu, akaushika uzi shingoni mwangu akavuta. Uzi ulinikata ngozi, alama ninayo. Nami nikamsukuma mzee wa miaka sabini na nane, kipofu, kwa mikono yangu miwili, akaenda kupiga meza kwa paji la uso na kuangukia sakafuni. Rimoti ilibaki ngumini mwangu. Nilipogeuka dirishani walikuwa wameshamfikia. Pigo la kwanza lilimpata mkono ulioshika chuma, ukaachia vidole viwili, vingine vikabaki vimeshika. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama dirishani, na nilijua kwamba anaona mkononi mwangu nimeshika nini. Walimpiga kwa nondo, kichwani, kwa utaratibu, wakipokezana, na lango likalia kwa kila pigo kama karai. Mwanamke mmoja alirusha jiwe la ukingo wa maua, akakosa, akalifuata, akalirudia. Ilichukua muda mrefu kuliko thelathini. Ningeweza kulifungua na kulifunga mara nne.

Walipoondoka ndipo gari la walinzi wa mtaa likafika, ndipo nikabonyeza. Lango lilijivuta likamburuta kidogo kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado vimeshika.

Jioni Aline aliniuliza swali moja tu. Alikuwa ameketi juu ya godoro, miguu imenyooka, hajalia bado. "Lango lilikuwa limefungwa kwa nini?"

"Mzee alikataa," nikasema.

Maneno mawili. Sikuyapanga. Yalitoka yakiwa yameiva, na Aline akayapokea, na walioketi naye wakayapokea, na siku ya mazishi mchungaji aliyasema mbele ya watu wote.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane. Kwetu mtoto hafuati jina la baba. Kila mmoja hupewa lake, la babu, la daktari, la padri, la mtu aliyekutendea wema. Mwenye jina na aliyepewa huitana "majina", na yule mkubwa hawezi kumkana mdogo maisha yake yote: mtoto akiwa na shida, anakwenda kwa majina wake. Pale wodini karani aliuliza jina la ukoo. Nikatafsiri. Aline akasema, wazi kabisa, "Garthwell." Nilidhani homa imempanda. Karani alimtazama, akatazama mtoto, akainua mabega akaandika. Aline alikuwa na akili zake zote. Mila ya kushukuru aliigeuza kisu, na alijua pa kukichoma.

Wiki mbili baadaye alipanda kilima na mtoto mgongoni. Mzee alitoka mwenyewe mpaka langoni akipapasa, kovu la meza likiwa bado jekundu juu ya jicho. Alisimama ndani, Aline nje. Mimi nilikuwa mkalimani. Fikiria.

"Mwambie," alisema Aline, "wee ulikataa kumufungulia bwana yangu. Huyu ni mtoto yake. Nimemupa jina yako. Kila saa batamwita, ukumbuke lango yako."

Ningeweza kutafsiri chochote. Aline hakujua Kiingereza, Mzee hakujua Kiswahili, na ukweli wote wa mambo ulikuwa unapita mdomoni mwangu. Nilitafsiri neno kwa neno, pamoja na lile la kukataa, na sauti yangu haikutikisika. Mzee aligeuza uso, si kwa Aline, kwangu. Macho yale yasiyoona yalikaa juu yangu. Nilingoja aseme. Mota ya lango ilikuwa inanguruma kidogo, na mtoto akapiga chafya.

"Mwambie nasikitika," alisema. "Mwambie sitasahau."

Nikamwambia. Aline akatema mate kwenye chuma, akashuka zake.

Ndani, Mzee aliniita chumba cha ramani. Hakuzungumzia lililotokea, siku ile wala nyingine yoyote, na miaka minne niliyoendelea kumpikia mpaka alipokufa nilitamani anipige. "Chukua pini," alisema. "Berea."

"Rangi gani, Mzee?"

"Nyeupe."

Niliichomeka. Kila mwaka, mpaka alipokufa, alimtumia majina wake kitabu siku ya kuzaliwa, na kila mwaka Aline alikitupa kwenye shimo la lifti. Karatasi zake, ramani na orodha zilikwenda kwa ndugu zake Uingereza, na ndiyo maana lile jina la Berea lilikuwepo mezani mwezi uliopita. Mzee aliliandika, akakubali kuwa mtu mbaya katika nyumba yetu, na mimi nikamwacha hivyo miaka ishirini, hata alipokwisha kufa. Nilipika, nikacheka harusini kwa watu, nikamtuliza Aline akilia kumlaani. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kusema. Siku kama hiyo haipo.

Tulipotoka ukumbini jua lilikuwa bado juu. Kijana alitembea kando yangu, kibandiko kifuani, na kwenye robot ya Yeoville, mahali ambapo kiti cha baba yake kilikuwa, taa nyekundu ikatusimamisha. Akasema, "Umesema njiani. Hapa ni njiani."

Nikamwambia. Nilianza na rimoti ili nisipate pa kukimbilia. Taa iligeuka kijani, ikarudi nyekundu, ikageuka tena, watu wakatupita. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja: "Yule mzee alisema fungua?"

"Mara mbili."

Aliondoka mbele yangu, akavuka na taa nyekundu, dereva akamtukana. Nilimfuata hadi Berea nikiwa nyuma hatua kumi, na ngazi za ghorofa zote saba nikiwa nyuma. Huyu kijana ndiye anayemtafsiria mama yake hospitalini, benki na kwenye ofisi za vibali, tangu akiwa na miaka sita. Kwenye korido, mbele ya mlango wa Aline, alisimama akanigeukia. Alisema kwa Kiswahili, kibovu, cha kutafuta neno moja moja, na sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo.

"Utamwambia wewe. Mimi sitasaidia na maneno."

Akateremka ngazi. Nilisikia viatu vyake mpaka chini. Mlango wa Aline una makomeo mawili, na yeye hafungulii mtu mpaka amjue. Nikagonga. Aliuliza nani. Nikajibu, "Ni miye," na Aline akafungua.